Pini Ndani ya Waya

"Huyu hapa!" Bohdan Kubena alifoka, kidole chake kikikaribia kuingia jichoni mwa Radim Vokoun. "Kaja alfajiri, asubuhi antena kubwa imekufa. Unataka ushahidi gani tena, Hedvika? Mtie pingu ushuke naye."

Inspekta Hedvika Kubenova hakuwa na pingu. Alikuwa na kikapu cha uyoga, buti za mpira, na likizo ya siku mbili aliyoiomba kituoni Jihlava tangu theluji ilipoyeyuka. Kosa lake lilikuwa kuja kuokota uyoga kwenye mlima uleule ambao kaka yake hupandisha redio kila Julai, na alikwisha kuyalipia makosa madogo kuliko hilo.

"Kaka, punguza sauti," alisema. "Hata Tisovka wanakusikia, tena bila antena."

Sylva Drahotova, fundi mdogo wa timu, alicheka kisha akajizuia. Tisovka ulikuwa mlima wa pili, ng'ambo ya bonde, na juu yake walikaa wapinzani wao wa jadi. Toka Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni, timu za milimani zilikuwa zikiitana hewani kutoka nchi moja hadi nyingine, na kila stesheni unayoongea nayo inakupa pointi kwa kilomita za umbali wake. Jirani anakupa senti. Mtu wa ng'ambo ya bahari anakupa noti. Timu ya mlima huu, Sykornik, ilikuwa imeburuzwa na Tisovka miaka saba mfululizo, yaani tangu Radim alipogombana na Bohdan akashuka mlima bila kuaga.

Sylva ndiye aliyemrudisha. Alimpigia simu bila kumuuliza mtu, kwa sababu nchi nzima hapakuwa na sikio kama la Radim: mlio ambao wengine wanauona upepo, yeye anausikia jina. Radim, dereva wa treni, alimaliza zamu yake ya usiku, akapanda mlima kwa miguu mvua ikimnyea, akafika kukipambazuka. Na sasa hata chai hajamaliza, ameshaitwa mhaini.

"Sikugusa kitu," Radim alisema. Uso ulikuwa umemwiva, na mkoba wake ulikuwa bado begani. "Nilisimama pale mlingotini nikaitazama antena. Miaka saba sijaiona. Kutazama nako ni kosa?"

"Kila mtu alikuona pale!"

"Basi mshtaki na kila aliyeniona."

"Tosha!" Hedvika aliweka kikapu chini. "Kaka, unataka polisi au unataka mtu wa kukuitikia tu? Kama unataka polisi, nenda kakae kwenye redio uongee na hao majirani wa senti. Radim, usiondoke. Sylva, njoo unionyeshe maiti."

Radim aliutua mkoba, lakini hakuufungua. Hedvika aliliona hilo. Mtu huyu akishuka leo na jina la mhaini mgongoni, hatapanda tena mlima wowote, na kila mwenye redio kuanzia hapa hadi baharini atajua kwa nini kabla jua halijazama. Watu wa redio wana mdomo mrefu kuliko wa mashangazi harusini.

Maiti ilikuwa na urefu wa basi. Antena kubwa ilikaa juu kabisa ya mlingoti, vyuma vyake vikimetameta kwa maji ya mvua. Chini yake zilikaa antena mbili ndogo, zimefungwa zikitazama kusini. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, ila upepo ulibaki, na turubai la hema lilikuwa likipigapiga.

"Nieleze kama unamweleza mtu wa uyoga," Hedvika alisema.

"Hizi ndogo za kusini zinafanya kazi," Sylva alijibu. "Jana tulizitumia hizo jioni na usiku kucha, kwa Waaustria na Wahungari. Kubwa tuliijaribu jana asubuhi baada ya kusimamisha mlingoti, ikawa safi kabisa. Halafu tukaiacha. Leo asubuhi hewa ya kaskazini-magharibi imeanza kufunguka, Tisovka wanaongea na Waingereza, tukabadilisha kwenda kubwa... kimya. Nimepima. Umeme unaingia kwenye waya unarudi hapohapo."

"Maana yake?"

"Waya wetu huu mnene ndani una uzi wa shaba. Uzi umezungukwa na plastiki nyeupe, halafu nje kuna wavu wa shaba, halafu ngozi nyeusi. Uzi na wavu havitakiwi kugusana. Sasa mahali fulani vimegusana."

"Na nani aliyesema muiache ipumzike jana?"

Sylva alifikiri. "Mzee Otakar. Alisema siku ya kwanza ni ya majirani, tusiichoshe mashine ya kuzungushia antena. Alisema kweli, tulipata majirani wengi."

Mzee Otakar Pivoda, mwanzilishi wa kundi, ndiye aliyetengeneza karibu kila chuma kilichosimama mlimani pale. Mwaka huu magoti yalimwambia akae chini, akakabidhiwa sufuria ya gulashi, mchuzi mzito wa nyama, na Hedvika alimwona kutoka mbali akikoroga kwa mwiko kama mtu anayechimba kisima.

Hedvika alipiga magoti majanini. Aliushika waya wa antena kubwa mahali unaposhuka kutoka mlingotini, akaanza kuutembelea kwa vidole, polepole, akielekea hemani. Waya ulikuwa umeoshwa na mvua ukawa mweusi tititi. Hapa na pale palikuwa na vidonda vya zamani vilivyofungwa tepu nyeusi.

"Bandeji zote hizi?"

"Waya mzee. Panya wa msituni wanaupenda."

Bandeji ya kwanza ilikuwa ngumu na yenye nyufa. Ya pili vilevile. Ya tatu, palipokuwa na majani marefu, iling'aa. Hedvika alitoa kisu cha uyoga, akaifungua taratibu bila kuikata, akihesabu mizunguko kimoyomoyo. Ilikuwa imezungushwa kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, na ncha yake ilikuwa imekatwa kwa kisu badala ya kuchanwa kwa meno.

"Mbona unaikodolea macho?" aliuliza. "Nani anafunga hivi?"

"Sisi sote," Sylva alisema, na sauti ikamshuka kidogo. "Chini kwenda juu, ili maji yateleze yasiingie. Ukifunga kinyume Mzee Otakar anakupiga kofi mkononi."

Chini ya tepu, juu ya ngozi ya waya, palikuwa na vumbi la kijivu la majani makavu. Mlima ulikuwa umefyekwa Ijumaa na vumbi lile lilitapakaa kila mahali, mpaka mvua ilipoosha kila kitu. Hedvika alilipitishia kidole. Lilikuwa kavu. Na katikati ya vumbi hilo kulikuwa na nukta moja ya chuma, ndogo kama jicho la sisimizi.

"Mungu wangu," Sylva alinong'ona. "Pini."

Ilikuwa pini ya kushonea, imechomekwa mpaka katikati, kichwa chake kimekatwa kwa koleo. Sylva alitaka kuichomoa papo hapo, Hedvika akamzuia mkono.

"Kwanza nijibu. Mvua ilianza lini?"

"Jana kabla ya magharibi."

"Na Radim alifika leo alfajiri, akiwa ameloa chapachapa. Angefunga tepu hii leo, chini yake tungekuta maji, siyo vumbi. Sasa toa pini yako."

Sylva aliichomoa kwa koleo, akakimbilia kipimo chake, akarudi macho yamemtoka. Waya ulikuwa mzima tena. Hedvika alimwambia afunge kidonda vizuri na afunge mdomo vizuri zaidi.

Hakumwambia Bohdan lolote bado. Kumsafisha Radim ilikuwa nusu ya kazi. Kama aliyechoma pini angebaki gizani, kaka yake angetafuta njia ya kusema kwamba Radim alimtuma mtu. Alimjua Bohdan tangu wakigombania kijiko.

Bwana misitu aliwasili kabla hajaitwa. Alois Kostka alisimamisha gari lake la tope kando ya jenereta, akashuka akinuna. Tangu Ijumaa alikuwa akigomba kwamba jenereta linawafukuza paa wake, na Jumamosi mchana alikuwa amebishana na Bohdan mpaka wakatemeana mate.

"Nasikia mmeharibikiwa," alisema, bila kuficha furaha. "Mungu hamtupi mja wake."

"Bwana Kostka," Hedvika alisema, "jana mchana ulikuwa unafanya nini karibu na mlingoti?"

"Nilikuwa naangalia kama kamba zenu zimefungwa kwenye miti yangu. Zimefungwa."

"Una tepu nyeusi garini?"

"Ninayo. Na msumeno. Na shoka mbili." Alimtazama kwa dharau. "Mama, mimi nikitaka kuwanyamazisha watu hawa nitakata waya kwa shoka, nikate na mlingoti, niuze kuni. Pini? Mimi ni fundi cherehani?"

Hedvika alimkazia macho. Hakuwa amemtajia pini.

"Nani kakwambia habari ya pini?"

"Huyo binti wenu, anaongea peke yake akifunga waya. 'Pini, pini, nani mwenye pini.' Nina masikio."

Sylva, kule majanini, aliinamisha kichwa. Hedvika alikubali kushindwa raundi hiyo, lakini akabaki amesimama, kwa sababu Kostka alikuwa na uso wa mtu ambaye bado ana neno mdomoni.

"Jana mchana hukuona mtu pale?"

"Nilimwona mtu amepiga magoti. Jua linawaka, nikadhani anasali, nikasema kumbe hawa nao wana dini."

"Nani?"

"Alinipa mgongo. Alivaa kofia yenu hiyo ya njano. Nyote mnavaa kama vifaranga, mimi nitawatofautisha vipi?"

Hedvika alitazama hemani. Bohdan alikuwa na kofia ya njano, na Sylva, na Mzee Otakar pale jikoni. Radim alikuwa kichwa wazi, amekaa juu ya mkoba wake nje ya hema, hakuna aliyekumbuka kumpa kofia.

Kwa hiyo walibaki watatu, na mmoja wao ni kaka yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Hedvika alirudi kwa Sylva akachuchumaa kando yake.

"Niambie kitu kimoja. Nyaya za antena ndogo zinapita wapi?"

"Hapahapa. Zote zimelala pamoja."

"Kwa hiyo aliyekuwa na pini angeweza kuchoma zote tatu bila kuhama."

"Angeweza. Tungekuwa bubu kabisa."

"Lakini hakutaka muwe bubu. Tena baada ya kuutoboa waya akaufunga bandeji usiingie maji. Adui gani anakuua halafu anakufunika blanketi? Antena kubwa inafanya nini ambacho ndogo hazifanyi?"

"Inafika mbali."

"Na nini kingine?"

Sylva alitazama juu. "Ndogo zimefungwa. Ile inazunguka."

"Na antena iliyokufa?"

"Haina haja ya kuzungushwa." Sylva aliacha mdomo wazi. "Dada Hedvika, una maana gani?"

"Sijui bado. Twende tukale."

Wote walikusanyika jikoni, chini ya turubai kubwa kando ya hema la redio. Mlingoti ulikuwa umesimama juu yao kama mnara wa kanisa. Mzee Otakar aligawa gulashi na mkate bila kumtazama mtu. Hedvika alionja, akaweka kijiko chini. Gulashi ilikuwa imeungua. Kwa miaka yote aliyokuwa akila kwenye mlima ule, Mzee Otakar hajawahi kuunguza hata kitunguu. Mwaka mmoja radi ilipiga mti wa jirani, na yeye akaendelea kukoroga.

Radim alikula amesimama, nje ya turubai. Mkoba ulikuwa umerudi begani.

"Nina habari njema," Hedvika alisema kwa sauti ya kutangazia sherehe. "Tumepata kasoro. Sylva ameitengeneza, amepima, waya mzima."

"Kweli?" Bohdan aliruka mpaka bakuli likamwagika. Kwa sekunde moja alikuwa mtoto wa miaka saba. "Kweli, Sylva?"

"Kweli kabisa!" Sylva alipiga makofi.

"Basi kaka, unangoja nini? Izungushe kaskazini-magharibi. Sasa hivi. Mpaka mwisho."

Bohdan alishakuwa mlangoni pa hema, mkono umenyooka kuelekea kitufe cha mashine ya kuzungushia. Upepo ulisukuma mlingoti, na vyuma huko juu vikalia.

"Usiguse!"

Mwiko ulianguka. Mzee Otakar alikuwa amesimama wima, magoti na yote, mkono mmoja umeelekea angani. "Bohdan, usiguse! Itatuangukia!"

Bohdan aliganda. Hedvika alikwenda taratibu, akautoa mkono wa kaka yake kwenye kitufe kama anavyomwondolea mlevi chupa, kisha akamgeukia mzee.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "asubuhi yote antena ile ilikuwa imekufa. Ulijuaje kwamba ikizunguka itaanguka?"

Mzee Otakar alikaa chini taratibu. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akatafuta, akatoa boliti. Ilikuwa boliti nene ya urefu wa kidole, ina nati yake na washa yake, mpya kabisa. Aliiweka mezani kati ya mabakuli, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kibano kinachoikamata antena kubwa kina boliti nne. Moja ilikuwa mezani.

"Niliikuta mfukoni jana," alisema, "mlingoti ukiwa tayari umesimama. Miaka arobaini nafunga kibano kile. Arobaini! Sikuwahi kusahau hata washa." Aliigeuza nati kwa kidole. "Nikajisemea, nikiwaambia, watalaza mlingoti mbele ya macho yangu, watanitazama vile... vile mnavyomtazama mzee aliyejikojolea. Ikikaa tuli haina neno, boliti tatu zinaishika. Ikizungushwa kwenye upepo, haishikiki. Basi nikaona bora inyamaze."

"Ukachoma pini," Bohdan alisema.

"Nikachoma pini. Na mvua ilikuwa inakuja. Nisingeweza kuuacha waya hivyo, ungeingia maji ukaoza."

Hedvika nusura acheke, ila aliona machozi ya mzee, akajizuia. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameona wezi waliorudi kufunga mlango, lakini huyu alikuwa wa kwanza kumfunga bandeji aliyemchoma.

"Na asubuhi hii?" Sauti ya Radim ilitoka nje ya turubai, baridi. "Aliponiita mhaini, ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapahapa. Nikikoroga."

"Uliacha nibebe mimi."

"Niliacha ubebe wewe," Mzee Otakar alisema, na akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Na hiyo ni mbaya kuliko boliti. Sina la kujitetea, mwanangu. Bohdan, huyu hakukosa. Nimekosa mimi. Waambie watu wote, hata Tisovka."

Upepo na jenereta viliendelea kuvuma. Bohdan alikuwa mwekundu kuanzia shingo hadi kofia. Radim alikaza mkanda wa mkoba wake, akageuka kuelekea njia ya kushukia, na Hedvika akahisi kesi yake ikimponyoka wakati ameshaishinda. Kumsafisha mtu jina ni jambo moja. Jina lenyewe likishuka mlima, nani atalisikia?

Radim alipiga hatua chache. Akasimama. Akautazama mlingoti kutoka chini hadi juu, kama alivyoutazama alfajiri.

"Boliti haijifungi yenyewe," alisema bila kugeuka. "Kamba ya nyuma nani anashika?"

"Mimi!" Sylva alipiga kelele.

"Na ya mbele?"

"Mimi," alisema Bohdan, taratibu.

Mkoba ulianguka kwenye majani.

Walilaza mlingoti kwa kamba, watu watano na bwana misitu wa sita, kwa sababu Kostka, baada ya kulalamika kwamba miti yake imeteseka vya kutosha, alivua koti akashika kamba ya kando. "Sisaidii redio," alisema. "Naokoa mti wangu." Mzee Otakar alitaka kumpa Sylva boliti aifunge yeye. Radim alimrudishia mkononi.

"Funga wewe. Mimi nashika spana ya chini."

Mzee aliifunga, akaikaza, akaigusa mara mbili, kisha akazigusa na zile tatu nyingine, na alipomaliza alimwomba Radim azikague. Radim alizikagua moja moja bila haraka.

Mlingoti ulipanda tena, lakini mashine ya kuzungushia haikuamka. Waya wake ulikuwa umekatika wakati wa kulaza, na hapakuwa na muda wa kuuunga; mashindano yalikuwa yakimalizika saa kumi jioni na jua lilishaanza kuinama. Wakafunga kamba ndefu kwenye ncha ya antena. Mtu angeizungusha kwa mikono, akitembea kuuzunguka mlingoti kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

"Nani anavuta?" Sylva aliuliza.

Hakuna aliyemtazama Bohdan, na kila mtu alikuwa akimtazama Bohdan. Kapteni wa timu ndiye hukaa kwenye kipaza sauti saa ya mwisho. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Bohdan alivua kofia yake ya njano, akamvisha Radim kichwani kwa nguvu mpaka masikioni, akatoka nje akaikamata kamba.

"Sema nielekee wapi!" alipiga kelele.

Radim alikaa. Alivaa hedifoni juu ya kofia, akafumba macho, na Hedvika, aliyesimama mlangoni pa hema akipitisha maneno, akaona uso wa mtu ukirudi nyumbani.

"Kulia."

"Kulia!" Hedvika aliita.

"Zaidi. Zaidi... hapo. Mwambie asipumue."

"Kaka, usipumue!"

Waingereza walianza kuja. Mmoja, wa pili, kisha foleni nzima, kila mmoja anatoa namba yake na mraba wake wa ramani, yaani herufi na tarakimu za mahali alipo, ambazo zisipotimia hakuna pointi, na Sylva anaandika huku akitoa vigelegele vya kimyakimya. Waholanzi. Mdenishi aliyetabasamu mpaka sauti yake ilisikika inatabasamu. Nje, Bohdan alikuwa akiteleza kwenye tope, akianguka na kuinuka na kamba mkononi, na Mzee Otakar alikuwa nyuma yake akimmulikia njia kwa matusi.

"Kushoto, ng'ombe wewe! Kushoto yako, siyo yangu!"

"Nitakupiga, mzee!"

"Vuta kwanza, utanipiga baadaye!"

Halafu Radim aliinua mkono, na hema zima likanyamaza. Hedvika hakusikia kitu ila mvumo. Radim alisikia mtu.

"Scotland," alisema. Sylva aliacha kuandika. Kutoka mlima ule hakuna aliyewahi kuongea na Scotland. "Ananiita. Anazama. Kulia kidogo, unene wa mkono."

"Kulia, unene wa mkono!"

"Amepata namba yetu. Yake nimeipata. Mraba wake wa ramani... herufi ya mwisho haijafika." Alibonyeza kitufe, akasema kwa sauti tulivu, ile ya kuwatangazia abiria kwamba treni itachelewa kidogo: "Rudia herufi ya mwisho. Herufi ya mwisho tu." Aliachia. Mvumo. "Hakuna. Kulia tena. Mpe mvuto mmoja, halafu ashikilie hata mikono ikikatika."

Hedvika hakupaza sauti safari hii. Alikimbia nje, akaikamata kamba mbele ya mikono ya kaka yake, akavuta naye. Viganja vya Bohdan vilikuwa vimechubuka hadi damu, na hakuwa amelalamika hata mara moja, jambo ambalo dada yake hakuwahi kuliona tangu utotoni. Walishikilia. Upepo ulivuta upande wake na wao wakavuta wao, na juu kabisa boliti nne zikashika.

Kelele zilizotoka hemani ziliwatoa ndege msituni.

"Tumempata!" Sylva alitoka mbio akimrukia Mzee Otakar shingoni. "Yote! Mpaka herufi ya mwisho! Tumeipata Scotland!"

Bohdan aliiachia kamba, akaketi kwenye tope kama gunia, akaanza kucheka. Kostka, bila kujua ni kwa nini, alikuwa akimpigapiga kila mtu mgongo.

Saa kumi ilipogonga, hewa yote ilitulia ghafla, kama kawaida, kisha zikaanza sauti za majirani wakiulizana matokeo. Waamuzi wangehesabu baadaye, ila mlima na mlima husemeshana siku hiyohiyo. Tisovka waliita wa kwanza. Walikuwa wamezoea kuita wa kwanza.

"Sykornik, Sykornik, hapa Tisovka. Poleni na antena, tulisikia mmekufa asubuhi. Mmefika ngapi?"

Bohdan aliingia hemani akichuruzika matope. Ilikuwa kazi ya kapteni kujibu, na Radim akainuka kumpisha kiti. Bohdan alimsukuma begani, akamkalisha tena.

"Nilikosea," alisema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Leo, na miaka saba. Waambie wewe."

Radim alibonyeza kitufe. Alitaja idadi ya stesheni walizoongea nazo, kisha pointi, polepole, tarakimu baada ya tarakimu, na mwisho akaongeza Scotland.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa kimya. Kimya kirefu, kitamu, na Sylva alikuwa akikinywa kama bia.

"Mmetupita," Tisovka walisema hatimaye. "Mmetupita mbali. Hongereni. Na hiyo sauti siyo ya Bohdan. Nani yuko kwenye kipaza sauti?"

Milima yote ilikuwa inasikiliza. Ndivyo ilivyo saa hiyo, kila mmoja ameacha redio wazi. Radim alimtazama Bohdan, akamtazama Mzee Otakar, akausogeza mdomo karibu.

"Radim Vokoun," alisema. "Timu ya Sykornik."